Kubadilisha shokomzoba za mbele za Morris Minor ya 1962

Swali
Ndugu zangu, ninayo Morris Minor ya 1962 niliyorithi kwa marehemu baba, na huiendesha Jumapili kati ya Kampala na Entebbe. Kila nikivuka tuta, pua huinama na kuinuka mara tatu au nne kabla ya kutulia. Fundi wangu anashauri azing'oe shokomzoba za mkono za kiwandani (zenye mkono wa chuma unaopanda na kushuka pamoja na gurudumu) na kufunga za bomba (zile ndefu zinazojikunja na kunyooka). Je, inafaa?

Jibu la kwanza
Inafaa, lakini asizing'oe. Katika gari hili mkono wa shokomzoba ndio unaoshika mguu wa gurudumu (chuma kilichosimama kinachobeba gurudumu) kwa juu, kwa hiyo wanaofunga za bomba huuacha mkono huo mahali pake. Kwanza fungua kizibo cha shokomzoba uangalie mafuta yake. Yangu ilikuwa kavu kabisa.

Jibu la pili
Mimi ningeanza na hesi za chini ya mguu (viungo vyenye nyuzi za skrubu vinavyoushika mguu kwa chini), kwani zikilika mguu huchomoka na gurudumu hulala. Lilinipata nikikata kona, mwendo wa kinyonga, namshukuru Mungu. Inua gari kwa jeki hadi gurudumu lining'inie, kisha sukuma grisi mpaka ile nyeusi itoke yote. Ukiagiza vipuri Uingereza, taja upande, kwa kuwa hesi za kushoto na za kulia hazibadilishani.

Muulizaji
Asanteni sana. Nimechungulia leo: kitundu cha grisi cha kushoto kimezibwa kwa rangi, na inaelekea ni ya miaka mingi.