Kamera za duka zinakataa kuonekana kwa kompyuta, nibonyeze tu "Ruhusu"?

Hadiwea_Kaptembwo: Habari za jioni wadau. Nina duka la hadiwea hapa Nakuru, kamera nne. Nikifungua ukurasa wa kile kisanduku cha kurekodi, mahali pa picha ni weusi mtupu, juu kuna utepe wa manjano: ActiveX imezuiwa, mtengenezaji hajulikani. Mifuko mitatu ya saruji haionekani na kesho ndiyo siku ya kumlipa kijana. Nibonyeze?

NyayaNaNyundo: Hiyo ActiveX si picha, ni programu kamili. Ikiingia inafanya chochote ambacho wewe mwenyewe unaweza kufanya kwa hiyo mashine. Ndiyo maana inaulizwa sahihi ya aliyeitengeneza. Uliitoa wapi?

Mama_Kuku_Kondele: Wangu aliniibia mayai trei kwa trei na kamera inawaka. Alikuwa anavaa koti langu! Nilijitazama wiki nzima nikibeba mayai yangu. Kaa dukani, baba.

Hadiwea_Kaptembwo: Pole mama. Imetoka kwa kisanduku chenyewe.

NyayaNaNyundo: Una uhakika?

Hadiwea_Kaptembwo: Sawa, fundi alinitumia faili kwa WhatsApp. Lakini ni mtu tunayesali naye. Alisema nishushe ulinzi wote na nizime antivairasi, nikafanya jana. Imebaki kubonyeza tu, sasa niache kazi nusu?

Mzee_Bahati: Mgeni anayetaka ufunge mbwa kwanza, muulize anakuja saa ngapi. Na mshahara wa kijana usiuguse bila ushahidi.

Kajuaji47: Mnajibu hadithi ya kutunga. Kivinjari cha Chrome hakijawahi kujua ActiveX, na Internet Explorer, kivinjari kilichoijua, ilistaafishwa 15 Juni 2022. Kwa Windows 11 ukiiita inakuja Edge, kivinjari kipya cha Microsoft. Huo utepe wa manjano ameuona makumbusho?

Hadiwea_Kaptembwo: Haki ya Mungu si uongo. Ni Windows 7, niliuziwa na jirani. Iko sawa kabisa.

Kajuaji47: Saba!! Masasisho ya bure yaliisha Januari 2020. Haya, nimekuamini, na ni vibaya zaidi. Nani mwingine anaitumia?

Hadiwea_Kaptembwo: Mke wangu. Anaingia benki hapo. Ni mweka hazina wa chama.

Mama_Kuku_Kondele: Woi. Chama cha watu wangapi?

Hadiwea_Kaptembwo: Ishirini na wawili. Lakini hajui nimezima kitu.

NyayaNaNyundo: Usibonyeze. Futa hilo faili, washa antivairasi, na mkeo abadilishe paswadi ya benki akitumia simu, si hapo. Halafu angalia nyuma ya kisanduku, kuna tundu la HDMI. Chomeka runinga na mausi, utarudisha nyuma video bila kompyuta yoyote. Edge ina hali ya kufungua kurasa kama hizo, Microsoft wamesema itakuwepo angalau hadi 2029, ila si kwa hiyo Windows yako.

Hadiwea_Kaptembwo: Runinga iko nyumbani. Nikiibeba usiku huu mke atauliza.

Mzee_Bahati: Na aulize.

Mama_Kuku_Kondele: Hiyo mashine ukiiuza nikumbuke. Mjukuu wangu anacheza karata tu, benki haendi.