Naomba ushauri: kikapu cha mechi ya sheria za 1891

Wakuu, naombeni ushauri wa kuandaa mechi ya maonyesho ya mpira wa kikapu kwa zile sheria 13 za James Naismith, aliyebuni mchezo huu, Springfield, Massachusetts, Desemba 1891. Kila timu wachezaji 9, mpira wa miguu wa kawaida, vipindi viwili vya dakika 15, mapumziko dakika 5. Hakuna kudunda: ukidaka, unarusha kutoka hapo hapo ulipo.

Kinachosumbua hasa ni kikapu. Lazima kiwe na kitako, kwa sababu bao linahesabiwa mpira ukibaki ndani, kisha mtu anapanda ngazi kuutoa. Vile vya mwanzo vilikuwa vya kuwekea matunda, vikapigiliwa misumari kwenye roshani ya ukumbi, futi 10 (mita 3.05) kutoka sakafuni. Kikifungwa kwa kamba tu, kinainama na mpira unaponyoka. Je, tenga linavumilia, au ukingo uzungushiwe pete ya chuma? Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Mdomo wa sentimita 38 unatosha?

Pia, mpira uliotoka nje hurushwa ndani na anayewahi kuugusa kwanza huko nje. Hapo watu wanakimbilia ukutani na kuumizana, nami sitaki mtu aumie. Mstari wa mpaka wa uwanja uwe mita ngapi kutoka ukutani?