Paa la kempa wakati wa baridi: kava, turubai au banda la mkulima?

Mdau_Augsburg
Wakuu habari za jioni. Kempa yangu (gari la kusafiria lenye vitanda ndani) inalala kuanzia Novemba hadi Aprili, nataka theluji isiniharibie paa. Nimebaki na njia tatu: kava kamili euro 320, turubai la buluu euro 40, au kuna mkulima huku vijijini anakodisha nafasi bandani kwake. Ofa ya kava inaisha Jumapili. Mnanishauri nini?

MamaZawadi
Kaka, umetupa bei, gari hukutupa. Kempa gani? Paa ni bati, faibaglasi, au lile linaloinuka? Kuna sola juu? Inalala uani au barabarani? Kama namba za gari lako ni zile za msimu, zinazotumika miezi fulani tu, huko Ujerumani huruhusiwi kuiacha barabarani msimu ukiisha.

Mdau_Augsburg
Samahani dada. Ni Ducato, ile van ya Fiat, nyeupe. Inalala uani, chini ya mti.

FundiNyundo
Nyeupe! Haya, rangi tumeipata 😂

Ondoa gari chini ya mti kwanza. Utomvu, majani yanayooza na matawi yanayokatika kwa uzito wa theluji, hayo ni mabaya kuliko theluji yenyewe. Theluji kavu ni nyepesi. Ile iliyoloa ndiyo kazi: sentimita 10 zinaweza kufika kilo 30 kwa mita moja ya mraba. Paa la mita 6 kwa 2 hapo limebeba kilo 360. Bati linastahimili, lakini dirisha la plastiki la paani si bati.

Mimi sifuniki kabisa. Naosha paa, nakagua gundi kuzunguka madirisha, sola na antena. Palipopasuka nakwangua napaka Sikaflex ya kempa. Silikoni ya bafuni usiipandishe huko juu, ikishakaa hakuna gundi nyingine itakayoshika hapo. Halafu egesha pua ikiwa juu kidogo maji yasituame.

Jirani_wa_Duluth
Nakubali, ila gundi ni Dicor bwana. Huku Minnesota unaimimina juu inajisambaza yenyewe mpaka kwenye skrubu. Na kwenye paa la mpira usisafishe na kitu chochote chenye petroli, mpira unavimba.

FundiNyundo
Paa la mpira ni mambo ya kempa zenu za Marekani. Jamaa ana Ducato.

Jirani_wa_Duluth
Kwani amesema paa lake ni la nini? Kuna Ducato za bati tupu, na kuna zile ambazo nyuma ni sanduku la kiwandani.

BintiKisauni
Naomba nizungumzie turubai, maana euro 40 zinashawishi. Nipo Uingereza, kaskazini, upepo wa huku hauna adabu. Kempa yetu tuliinunua kwa mtu aliyekuwa ameifunika turubai msimu mzima. Siku ya kuiona alikuwa ameshaipiga sabuni na manukato ndani, ikanukia kama bibi harusi. Mvua ya kwanza tukaanza kuweka sufuria kitandani. Mume wangu akapanda juu. Kila kamba ilipopita, rangi imesuguliwa mpaka chini, maana turubai likipigwa na upepo linapapatika mchana na usiku, na vumbi lililo chini yake linafanya kazi ya msasa. Katikati lilikuwa limelegea, maji yakajaa, yakaganda, na dirisha la paa likapata ufa kwenye bawaba. Tulipobandua ubao wa dari tukakuta kuvu nyeusi, kwa sababu plastiki haipitishi hewa na unyevu wa ndani haukuwa na pa kutokea. Muuzaji simu hapokei mpaka leo. Anayetaka turubai alifunge juu ya fremu, lisiguse gari, na pembeni paachwe wazi.

MamaZawadi
Pole sana mdogo wangu. Ndiyo maana mimi ni mtu wa kava, lakini lile linalopitisha hewa, la kitambaa tabaka kadhaa. Pembe kali zote unazivika sponji kwanza, na mikanda unapitisha chini ya gari uikaze kila baada ya upepo mkali. Hapa Malmö, Sweden, limetufaa. Ila kama ana sola, paneli zitakuwa gizani na betri itakufa taratibu asipoichomoa au kuiunganisha na umeme wa nyumba. Bado hajajibu kuhusu sola.

Jirani_wa_Duluth
Mnabishana paa, maji ya ndani ameyamwaga yasigande? Boila ya Truma, ile ya kupashia maji, ina vali inayojifungua yenyewe joto likikaribia nyuzi 3, lakini hiyo inamwaga boila tu. Pampu na mabomba ni juu yako.

FundiNyundo
Banda lingemaliza ubishi wote huu. Uliza tu kama kuna panya, na yule Marder wa Kijerumani, mnyama mdogo kama kicheche anayetafuna nyaya. Uliza pia kama utaweza kulitoa gari Januari ukilihitaji. Wengine wanayapanga kama dagaa.

Mdau_Augsburg
Sola zipo mbili. Paa nadhani ni bati, nitapanda ngazi Jumamosi nilipige kwa kidole nisikie. Mkulima hapokei simu.

PwaniHuku
Isafirishe Mombasa, huku theluji tunaiona kwenye friji tu 😄

BintiKisauni
Usukani upo kushoto, Kenya haisajili magari hayo ila yale ya kazi maalumu. Na ikizidi miaka 8 pia haiingii.

PwaniHuku
Basi nitengenezee Hiace niliyonayo. Ila chumvi ya bahari inakula paa kwenye maungio kila nikipaka rangi. Fundi, ile Sikaflex inakaa juani huku, au nianze na kitu kingine chini yake?

FundiNyundo
Kutu umeitoa yote mpaka chuma kinang'aa, au umepaka juu kwa juu? Weka picha.