Radio ya meno kila miezi sita, ni lazima?

Mama Neema (Katindo, Goma): Wandugu, jambo. Muganga wa meno amemwandikia binti yangu wa miaka tisa: arudi kila miezi sita, na kila akirudi apigwe radio, ile picha ya X-ray. Kurudi sikatai. Hiyo radio ndiyo inanikwaza: mionzi kwa mtoto, na bei inapita ile ya kumuona muganga mwenyewe. Meno yake hayaumi wala hayajatoboka. Ana madoa ya kahawia mbele tu, sababu alikulia kwa bibi yake, kule mji wa Sake, na wenzake wa kule wote wanayo. Nyie wenye watoto mnafanyaje?

Papa Ombeni (Himbi): Mama Neema, kwetu tulienda kwa muganga wa meno siku ya kung'oa, basi! Lakini usiitupe radio yote. Mimi jino la nyuma lilikuwa linaoza katikati, pale linapogusana na jirani yake, bila maumivu yoyote. Kwa macho hakuna aliyeliona.

Yaya Francine (Bukavu): Ninafanya kazi kwenye kabine ya meno hapa Ibanda. Mashine ni ghali, na tunapenda ijilipe, tusidanganyane.

Radio hailetwi na kalenda, inaletwa na hali ya mdomo. Chama cha waganga wa meno cha Marekani kinasema mtoto asiye na dalili za kuoza apigwe picha za pembeni (za meno ya nyuma) kila miezi 12 hadi 24, tena ikiwa meno yamebanana hata muganga haoni katikati. Miezi 6 hadi 12 ni ya yule ambaye meno yake yanaoza, mtoto wa fanta na biskuti. Mtu mzima mwenye mdomo mzuri anaweza kungoja hata miezi 36. Kuangaliwa tu ni jambo jingine: Uingereza mtoto hapitishi mwaka, mtu mzima hadi miezi 24. Kwa hiyo muulize muganga, "Unatafuta nini kwenye hii picha?" Akikuonyesha jino, lipa.

Mionzi ya picha moja ndogo haifiki ile tunayopata kila siku kutoka ardhini na angani.

Yale madoa hayahitaji radio, yanajulikana kwa macho. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una floridi, ambayo ikizidi inatia meno madoa; mvua inaushusha hadi kwenye maji ya paa, na mtoto anayanywa wakati meno ya ukubwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Si kuoza.

Mama Neema: Asante yaya. Na ile aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi? Hawakumvalisha.

Yaya Francine: Wamarekani haohao walisema mwaka 2024 haihitajiki tena, sababu mashine za sasa zinalenga jino tu. Ukiitaka, omba, hawatakufukuza. Ila usitoke bila picha yenyewe kwenye simu yako, maana ukibadilisha kabine watataka kuanza upya.