UKOO – KIKAO CHA JUMAMOSI

*Alhamisi*

Dada Fortu 18:02
Shikamooni wakubwa. Kikao ni keshokutwa saa nne kwa Babu, Kibosho. Orodha ya michango ya paa la Bibi iko kwenye laptopu ya ukoo. Shangazi Pelagia, tunaomba uitume hapa leo usiku.

Dada Fortu 18:31
Mmesoma watu kumi na tisa, tiki za bluu naziona.

Mama Glory 18:33
🙏

Shangazi Pelagia 18:52
Marahaba mwanangu. Nimeiwasha tangu saa kumi na moja. Toka Deo aibadilishe sielewi kitu. Inakuja picha kubwa na vipicha vichache chini yake. Nikigusa ile picha inatanuka, inajaa kioo chote, vile vipicha vinaondoka. Start haipo. Excel haipo.

Baba Mdogo Proti 18:58
Hayo ndiyo ya kuwaachia watoto mali ya ukoo. Windows ilikuwa na kosa gani?

Deo 19:04
Shikamoo baba mdogo, shikamoo shangazi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu ile ni ya zamani, 11 haiikubali. Niliuliza humu wiki mbili, hakuna aliyejibu. Nikaweka Debian 12, aina ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Mafaili nilihamishia kwenye flashi kwanza, yote yapo.

Kaka Steve 19:09
Shangazi ni rahisi, bofya Menu chini kushoto halafu Office.

Shangazi Pelagia 19:13
Chini kushoto hakuna kitu Steve. Nimebofya mara sita.

Deo 19:14
Kaka Steve usimchanganye. Ya kazini kwako ni Linux ya Mint yenye sura ya Cinnamon, hiyo ina menyu chini kushoto kama Windows. Ya shangazi ina sura ya GNOME. Injini moja, bodi tofauti.
Shangazi, kwenye vitufe vya kuchapia, kushoto, kati ya Ctrl na Alt kuna kitufe chenye alama ya dirisha. Kibonyeze mara moja uachie.

Shangazi Pelagia 19:21
Nimebonyeza. Picha imesinyaa, vipicha vimerudi.

Deo 19:21
Hapo hapo. Mausi iache. Chapa: excel

Shangazi Pelagia 19:23
Nichapie wapi? Hakuna mahali pa kuchapia.

Deo 19:23
Chapa tu shangazi, maneno yatakwenda yenyewe pale juu.

Kaka Steve 19:24
Excel haimo humo, unamsumbua mtu mzima.

Shangazi Pelagia 19:28
Imekuja inaitwa LibreOffice Calc. Kakaratasi kana kijani.

Dada Fortu 19:29
Asante Mungu. Ila kaandika excel, mbona kimekuja kingine?

Deo 19:33
Kila programu ina faili lake dogo la maelezo: jina, picha, na maneno ya kutafutia. Waliotengeneza Calc wameandika humo "Microsoft Excel", ndiyo maana ukichapa exc inakuja. Hata usipojua jina lake la huku, jaribu lile ulilolizoea. Hili naomba shangazi alishike kuliko yote.

Kaka Steve 19:35
Na Debian ni nani? Mjerumani?

Deo 19:36
Ni Ian Murdock aliyeianzisha 1993. Aliunga jina la mchumba wake Debra na lake.

Kaka Steve 19:37
Kumbe kompyuta ya ukoo ina kadi ya harusi ndani 😂😂

Sia wa Machame 19:38
Steve wewe unaanzisha lini ya kwako, mwaka wa ngapi huu unasema unaoa

Kaka Steve 19:38
Na-install kwanza 😂

Dada Fortu 19:41
Jamani. Orodha.

Shangazi Pelagia 19:50
Deo, na nikitaka kuona vyote vilivyomo bila kuchapa? Mimi mtu wa kuona.

Deo 19:54
Bonyeza alama ya dirisha tena. Ule mstari wa vipicha chini, cha mwisho kulia kina vidoti tisa. Kibofye, zitajipanga zote. Zisipotosha kioo kimoja, sogeza kwa vidole viwili uone ukurasa wa pili. Nyingine ndogo zimefichwa ndani ya kikasha kimoja kinaitwa Utilities, ukikigusa kinafunguka. Files ndiyo My Computer yako ya zamani. Document Viewer ni ya PDF. Ile Calc ikokote uidondoshe kwenye mstari wa chini, itakaa hapo siku zote.

Shangazi Pelagia 20:12
Imekaa! Nimeikokota mara ya tatu ndiyo ikashika.
Sasa nimechapa michango. Yamekuja mawili. Michango paa, na michango tenki.

Baba Mdogo Proti 20:13
Fungua hiyo ya tenki.

Dada Fortu 20:14
Baba mdogo, leo ni paa.

Baba Mdogo Proti 20:14
Niliambiwa faili la tenki limepotea. Kumbe lipo. Dada Pela fungua, soma jina langu, uniambie laki mbili zangu ziko mstari gani.

Dada Fortu 20:17
Hili tulilimaliza Pasaka.

Baba Mdogo Proti 20:17
Mlilimaliza nyie. Mimi nilikuwa Dar.

Sia wa Machame 20:19
*Ujumbe huu umefutwa*

Baba Mdogo Proti 20:20
Nimeshausoma Sia.

Mama Glory 21:07
Nimemsomea Babu yote. Anasema niandike hivi hivi:
"Proti, ya tenki utayasema Jumamosi umesimama mbele yangu, si kwenye simu. Pelagia ndiye mtunza hesabu wa nyumba hii, na hakuna wa kumnyang'anya mashine. Deo aje kesho jioni akae naye mpaka aijue kwa mikono yake. Na majina yaandikwe pia kwenye daftari, kwa wino."

Kaka Steve 21:08
Sawa Babu.

Sia wa Machame 21:08
Sawa Babu, shikamoo.

Deo 21:15
Sawa Babu. Kesho nina kipindi mpaka saa kumi, nitapata gari la jioni kutoka Arusha. Ila nauli sina.

Dada Fortu 21:16
Nani anamtumia Deo nauli?

Baba Mdogo Proti 22:03
Sawa baba.

Shangazi Pelagia 22:41
Orodha ya paa nimeifungua na nimeongeza wale wanne wa Marangu. Nataka kuishusha nione hiyo nyingine, lakini juu kuna X peke yake, ile alama ya kushusha dirisha chini haipo. Naogopa kubonyeza X. Nimeiacha wazi, chaja iko ukutani.

Dada Fortu 22:43
Umehifadhi lakini?

Dada Fortu 22:58
Shangazi?

*Ijumaa*

Mama Glory 05:50
Huku umeme umekatika toka saa tisa usiku.

Shangazi Pelagia 06:22
Na betri yake haishiki moto. Imezima.

Deo 06:37
Shangazi usihofu. Calc huwa inajiwekea akiba yenyewe, mara nyingi kila dakika kumi. Umeme ukirudi bonyeza alama ya dirisha, chapa exc, ikikuuliza kuhusu kurejesha faili, kubali. Na GNOME hii haina alama ya kushusha, usiitafute. Ukibonyeza alama ya dirisha utayaona madirisha yako yote, unachagua unalotaka.

Shangazi Pelagia 06:45
Nimeandika kwenye daftari la Glory, ukurasa wa nyuma.

Dada Fortu 06:46
Vizuri. Nauli ya Deo bado.

Mama Glory 06:49
🙏