Mama hajui siku aliyozaliwa. Nimfanyieje sherehe yake?

BintiMbena

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naandika nikiwa Uyole, Mbeya. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Julai, naomba mnisaidie.

Mama yangu mzazi anaishi nami, huu mwaka wa tatu. Kwao ni kijiji kimoja nje ya Makambako, upande wa kushukia Mlimba. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1 Julai 1970, lakini tarehe hiyo si yake. Alipoandikishwa mara ya kwanza, zamani sana, karani alimuuliza amezaliwa lini, akajibu hajui. Karani akajaza ya kwake, na toka siku hiyo tarehe ile imemfuata kwenye kila kadi.

Mwaka huu wanangu, mmoja ana miaka 11 na mwingine 8, waliniuliza mbona bibi hajawahi kufanyiwa bethidei. Nikaona aibu, maana ni kweli. Tukapanga kimyakimya. Nikafuata keki Mwanjelwa, nikaificha kwa jirani. Jioni ya tarehe 1 Julai mama anarudi kutoka sokoni, anakouza viazi kwa sado, hajavua hata sweta, watoto wakatokea nyuma ya mlango na ndoo, wakammwagia maji kama wanavyoona wenzao wakifanya. Anayeijua Uyole ya Julai anaelewa nasema nini. Jioni ile tulikuwa tukiongea mvuke unatoka mdomoni. Mama alisimama palepale, kilemba kinachuruzika, mikono miwili ameikumbatia pochi yake ya hela kifuani isilowe. Akacheka kwa ajili ya wajukuu. Akakata keki, akatulisha wote, akaenda kulala mapema.

Asubuhi nikamkuta jikoni anakausha noti juu ya mfuniko wa sufuria, mojamoja, anazigeuza kama chapati. Hakuinua macho. Akasema, "Mwanangu, mmenilowesha kwa siku ya karani."

Tangu hapo sina raha. Si kwa sababu alikasirika, hakukasirika. Ni kwa sababu mama huyu alituzaa wanne, na tarehe zetu anazijua mpaka saa. Kadi zetu za kliniki alizitunza kwenye bati la biskuti chini ya kitanda, na kila mwaka siku yako ikifika ulijua tu bila kuambiwa: siku hiyo huendi kuchota maji, na unakaangiwa mayai mawili peke yako. Mawili! Nyumbani kwetu yai lilikuwa la kuuza, tulikula likiwa limepasuka. Ulikaa kwenye kigoda karibu na moto, wenzako wanabeba ndoo, wewe unakula polepole ili wakirudi wakukute bado. Sikuwahi kuona mtu ananipenda kuliko asubuhi hizo. Na hakuna asubuhi hata moja tuliyomkaangia yeye, maana hatukujua ni ipi.

Ninachojua ni yale marehemu bibi alikuwa akimsimulia. Alizaliwa wakati wa palizi ya mahindi. Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka kanisani. Wachina walikuwa wanajenga reli, na usiku walikuwa wakisikia baruti milimani. Na treni ya kwanza kabisa ilipopita, ile ya kutandika reli, bibi alimbeba mgongoni kwenda kuiona, akamshusha, naye akasimama kwa kushikilia kanga.

Naomba msaada wa mambo mawili. Kwanza, kuna namna ya kuipata siku yake, au hata mwezi? Pili, tumfanyie nini kinachofaa mtu mzima wa huku kwetu kwenye baridi, ajisikie kweli ni siku yake?

Mstaafu_Makambako

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Nimefanya kazi relini mpaka nikastaafu, kwa hiyo hilo la treni nitakusaidia. Ujenzi wa reli hiyo, TAZARA, ulianza mwaka 1970 kutokea Dar es Salaam. Kipande cha Mlimba kupandisha Makambako ndicho kilichowatesa kuliko vyote, kwa sababu ya miteremko, udongo wa tope, madaraja na mahandaki. Baruti anazozisema bibi ni za mahandaki hayo. Reli ilifika mpakani Tunduma Agosti 1973, kwa hiyo kwenu ilipita kabla ya hapo.

Sasa tazama. Mtoto anayesimama kwa kushikilia kanga ya mama yake ni wa miezi kumi, mwaka mmoja hivi. Palizi yetu huku ni Desemba mwishoni na Januari. Mama yako, kwa hesabu yangu, alizaliwa palizi ya kuingia mwaka 1972. Ikizidi sana, 1973. Hiyo 1970 ya karani siikubali, maana wakati huo huku juu hapakuwa bado na baruti za kusikika usiku.

Lakini usiishie kwenye hesabu ya mzee. Kama bibi alitoka kanisani, basi mtoto alibatizwa. Nenda usharika wa kijijini kwao, muone katibu, umwombe kwa heshima kitabu cha ubatizo cha miaka hiyo. Vitabu vile vina safu ya jina la mtoto, wazazi, siku ya kubatizwa, na mara nyingi siku ya kuzaliwa. Andika majina ya babu na bibi kama walivyoitwa wakati ule, maana jina la mama la kubatizwa huenda siyo mnalomwita leo. Na nenda naye mwenyewe. Usimpelekee jibu kwenye simu.

Msema_Kweli

Dada, mimi naona unajitafutia presha bure. Wazee wetu hawakuwa na haya mambo ya keki na mishumaa, na waliishi vizuri. Mnunulie mama doti ya kitenge mwezi wowote, inatosha. Hajalalamika, wewe ndiye unalalamika.

BintiMbena

Ndugu yangu Msema Kweli, kitenge nitamnunulia, asante. Ila kusema wazee hawakuwa na haya mambo, hapana. Mama hakuwa na keki, lakini siku zetu alizishika kwa mayai mawili miaka kumi na zaidi, na mwaka mmoja wa njaa aliazima yai kwa jirani ili mdogo wangu asikose. Mtu anayefanya hivyo anajua siku ni nini. Hajalalamika kwa sababu hajui aanzie wapi kulalamika.

Mzee wangu wa Makambako, nimesoma majibu yako mara tatu. Mungu akubariki. Sikuwahi kufikiria kitabu cha ubatizo.

KakaWaTukuyu

Dada pole. Hilo la maji limetupata na sisi. Shangazi yetu tulimmwagia Juni, hapa Tukuyu, na mvua ilikuwa inanyesha vilevile. Aliugua kifua wiki nzima na sisi tukashika adabu. Tukakaa kikao kama familia, tukasema maji ni ya vijana, tena saa sita mchana, tena jua likiwepo.

Kwa wakubwa tukabadilisha. Maji yapo, lakini ya kunawisha. Siku ya mtu ikifika, kabla ya chakula, wote wanapanga foleni kuanzia mdogo. Unachukua jagi la maji ya vuguvugu na beseni, unapiga goti, unamnawisha mikono. Wakati maji yanatiririka unamwambia kitu kimoja alichokufanyia ambacho hujasahau. Kimoja tu, na jagi likipita kwa mwenzako umemaliza. Mara ya kwanza tulidhani litakuwa jambo dogo. Baba yetu mdogo, mtu mkimya, alipofika kwa shangazi alisema, "Ulinipa viatu vyako nikaenda navyo usaili," akashindwa kuendelea. Tulikuwa hatujui, miaka ishirini ilikuwa imepita. Chakula kilipoa siku hiyo na hakuna aliyejali.

Kwa mtu aliyezoea kunawisha wengine maisha yake yote, kunawishwa na watoto wake kunaingia ndani kabisa. Ijaribu. Ndaga.

MpishiMafinga

BintiMbena mdogo wangu, keki usinunue, oka mwenyewe. Mama ataisikia harufu tangu mchana, na hiyo peke yake ni nusu ya sherehe. Mimi naoka kwa mkaa hapa Mafinga mwaka wa tisa. Nakwambia yale yanayowashinda wengi huku kwetu.

Vipimo vya kwenye intaneti vingi ni vya watu wa pwani. Mbeya mko juu, mita 1,700 na zaidi, hewa ni nyepesi, keki inaumuka haraka kabla haijashika, halafu inazama katikati kama kinu. Kwa hiyo nusu kilo ya unga wanayokuambia utie vijiko vinne vya chai vya bekin pauda, wewe tia vitatu. Sukari punguza kijiko kimoja cha chakula au viwili. Maziwa ongeza kidogo, kama robo kikombe cha chai, maana huku unyevu unapotea upesi. Mayai yatoe mapema yaishe baridi yake, asubuhi za Uyole yai ni kama jiwe la mtoni, ukilitia hivyo siagi inakatika.

Moto: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili, mfuniko, funika lipate joto dakika kumi ndipo uingize chombo cha keki. Makaa mengi yawe juu ya mfuniko, chini bakiza machache tu. Wanaounguza keki wote wameweka moto chini. Na usifunuefunue. Mpaka usikie harufu imejaa nyumba, hapo ndipo uchome kijiti, kikitoka kikavu epua.

Halafu mwachie mama asubuhi yake. Asiende sokoni siku hiyo. Wewe au mdogo wako shikeni sado, wateja wake wamuulize yuko wapi, na mseme.

BintiMbena

Nimerudi. Wiki tatu zimepita, samahanini kwa ukimya.

Tulikwenda. Mimi na mama tulipanda basi la alfajiri, tukashuka Makambako, tukachukua bajaji na bodaboda mpaka kijijini. Njiani mama alikuwa akinionyesha vilima, mara shamba la fulani, mara kisima walichokuwa wakichota. Sikumwambia yote. Nilimwambia tu tunakwenda kuangalia kitu kanisani.

Katibu wa usharika alitupokea vizuri sana. Alitoa vitabu vinne vya jalada gumu, kingo zimeliwa na panya. Tulianza na 1973, hakuna. Tukarudi nyuma. Mzee, hesabu yako ilikuwa kweli tupu: ubatizo wa Pasaka, 2 Aprili 1972, mstari wa saba. Jina lake, jina la babu, jina la bibi limeandikwa kwa wino wa bluu ulioanza kuwa wa kahawia. Safu ya kuzaliwa imeandikwa "Januari 1972" basi, tarehe hakuna.

Mama hajui kusoma haraka. Aliweka kidole kwenye jina la bibi, akakitoa, akakiweka kwenye la kwake, akakiacha hapo. Katibu akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe niliandikwa."

Njia nzima ya kurudi hakuongea habari hiyo. Tulipopita Igawa akaniuliza, kwa hiyo mimi ni mdogo kuliko karani alivyosema? Nikamwambia ndiyo mama, mwaka mmoja na nusu. Akaangalia dirishani, akatabasamu mpaka Chimala.

Usiku nikafungua kalenda ya mwaka ule kwenye simu. Tarehe 1 Januari 1972 ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo Jumapili za mwezi ule ni 2, 9, 16, 23 na 30. Moja kati ya hizo ndiyo yake. Nikamsomea zote tano, nikamwambia achague mwenyewe. Alifikiri kwa muda mrefu huku anachambua maharage. Akasema, "Ishirini na tatu. Mpaka hapo mtakuwa mmeshamaliza kununua madaftari na sare za watoto."

Basi ni tarehe 23 Januari. Mwanangu mdogo ameiandika kwa makaa nyuma ya mlango wa jikoni na nimemwambia asiifute mtu. Mdogo wangu wa Iringa anakuja, atakaa sokoni na sado. Ndoo za asubuhi watachota wajukuu, mayai mawili nitakaanga mimi, na kigoda ninacho. Kaka wa Tukuyu, jagi na beseni vimeandaliwa, na kila mtu ameambiwa afikirie kitu kimoja. Cha kwangu ninacho tayari.

Dada wa Mafinga, nimejaribu keki mara moja kwa vipimo vyako. Haikuzama, ila juu ilipasuka ufa mmoja mrefu na pembeni ikakauka kidogo. Ni makaa ya juu yalizidi, au niongeze maziwa? Sufuria yangu ni ile ya kupikia makande, kubwa, ya chuma cha kuyeyushwa. Nijibu ukipata nafasi, nataka nijaribu tena Jumamosi wakati mama yuko sokoni.

MpishiMafinga

Makaa, mdogo wangu. Sufuria hiyo inashika sana joto, yapunguze yale ya juu theluthi moja ukishaona keki imepanda. Maziwa yaache hivyo hivyo. Na ufa si kosa, pasua hapohapo ukimkatia mama kipande cha kwanza.