Naomba ushauri: kiini cha 52100 kinapasuka ndani ya stenlesi 304

Wakuu, bapa la kisu ni la tabaka tatu: kiini cha 52100 (chuma chenye kaboni nyingi) mm 3, kila upande 304 (stenlesi isiyogeuka ngumu kwa kuzimwa) mm 2. Nyuso zinasagwa zing'ae, kingo zote zinachomelewa hewa isipenye (boraksi, unga wa kusafisha chuma motoni, haitoshi kuyeyusha oksidi ya kromi ya stenlesi), kisha tanuri nyuzi 1150 na nyundo nyepesi. Tabaka zinashikana vizuri. Shida ni baada ya kuzima (kupoza ghafla ili kugumishe) kwenye mafuta kutoka nyuzi 845: kiini kinachanika katikati ya unene wake, ufa ukifuata makali. Naamini 304 inasinyaa mno ikipoa, wakati kiini kinatanuka kikigeuka kigumu. Nihamie 410 (stenlesi inayogeuka ngumu ikizimwa), au nipunguze unene wa 304? Karatasi ya nikeli kati ya tabaka itasaidia kuzuia ufa, au itazuia tu kaboni kuhama kutoka kiini kwenda 304?